Pikapu ya Marehemu Mchimba Visima

Jumatatu, 3 Juni
Pikapu yangu mpya imefika! Mpya kwangu, kwa dunia ni kikongwe. Nimeinunua kwa mjane wa mchimba visima, bei ya kutupa. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kaizunguka mara mbili akiguna. Yeye ana lori. Nikamtangazia kwamba Ijumaa makabati ya seremala nabeba mimi. Akacheka. Na acheke.

Jumanne, 4 Juni
Imechemka. Mlimani, mbele ya geti la mjane, mshale wa joto uliruka mpaka kwenye nyekundu. Mvuke mtupu! Kabla sijashuka, mjane alishasimama hapo na ndoo ya maji. Nikamuuliza kajuaje.

"Marehemu naye ilimchemkia hapa hapa, mwanangu. Saa hizi hizi."

Saa nne na dakika kumi.

Jumatano, 5 Juni
Fundi kaishughulikia tangu jana: kazibua rejeta, kabadilisha mkanda wa feni na pampu ya maji. Haivuji popote. Kwenye oili hamna maji. Sasa maji ya rejeta yanakwenda wapi? Akanisihi nimwachie wiki nzima afungue injini. Wiki! Na makabati? Nikachukua ufunguo wangu, nikapita bondeni kumkwepa mjane. Ikachemka sokoni. Saa nne na dakika kumi! Kugeuka, mjane huyo. Eti kaja kununua chumvi. Na ndoo iliyojaa maji?

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi boneti ilikuwa ya moto. Sijaiwasha tangu jana. Paka alikuwa akiitazama kwa mbali, manyoya yamemsimama. Mke wangu akaniomba niirudishe ilikotoka. Cha rahisi ni ghali, alisema. Nikamjibu mambo ya magari aniachie mimi. Kisha akili ikanijia: nikakata waya wa ule mshale. Usichokiona hakichemki!

Ijumaa, 7 Juni
Makabati nyuma, seremala ubavuni, shemeji anatufuata na lori tupu kama tai. Mshale umelala. Raha! Tulipofika mlimani, mshale ule ule, waya umekatwa, ukainuka. Taratibu. Mpaka mwisho. Seremala akauliza mbona kiti kinaunguza. Ukasikika mlio mmoja, injini ikazima. Mjane alikuwa getini, mikono mitupu.

"Leo marehemu ameshiba," alisema, akafunga geti.

Makabati yakahamia kwenye lori. Shemeji hakucheka. Alinipa pole. Heri angecheka.

Jumamosi, 8 Juni
Injini imekufa. Fundi anasema Jumatano ingepona. Ndani kakuta mchanga mweupe, mbichi, kama wa chini ya kisima. Hakutaka kuushika. Mke wangu hanisemeshi tangu jana.

Mchana mjane kaniletea salamu: anauza na jenereta ya marehemu. Eti inawaka hata bila mafuta. Bila mafuta! Shemeji asisikie. Nimeshavaa viatu.