Siku Kigoda Kilipoziba Mlango wa Mwalimu Mkuu

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mlioegemea ukuta, na wewe unayemenya viazi weka kisu chini, maana nasimulia vita vya sebuleni nyumbani kwa binti yangu, ambamo ufalme wa kiboko uliponea chupuchupu.

Kiboko huyo alikuwa hakimu katika katuni, mzito wa mwili, mwepesi wa tumbo. Kila aliposimama kutoa hukumu, alijamba. Mawigi ya mawakili yakaruka, mshtakiwa akazimia, na haki ikatendeka. Mjukuu wangu wa kike alikuwa akianguka mkekani na kupigapiga miguu. Mama yake, muuguzi, bingwa wa mabeseni na mashuka, hakutikisika.

"Hizo nazisikia wodini kutwa," alisema. "Sioni cha kuchekesha."

Mimi nilichekea ndani ya mtandio, kama mtu mzima.

Ndipo aliponena mkwe wangu, Mwalimu Mkuu, Simba wa Gwaride la Asubuhi, ambaye akikohoa tu, shule nzima huchomekea mashati.

"Enyi watu wa nyumba hii! Nimefundisha vizazi na vizazi, ili jioni niketi na familia yangu kusikiliza tumbo la mnyama? Uchafu huu ukiisha leo, hautaonekana tena humu!"

"Baba, jamani!" mjukuu alilia. "Na kesho kiboko anagombea urais!"

"Hata akishinda."

Katika nyumba ile ya taarifa ya habari, mdahalo, kisha taarifa ya habari tena, kiboko ndiye aliyekuwa furaha yangu pekee.

Lakini macho yangu, ingawa yana ukungu, yalikuwa yameona jambo. Kila kiboko aliposhika meza ili ainuke, Mwalimu Mkuu naye aliinuka. "Ngoja nikaangalie geti," husema, hutoka mbio, hurudi macho mekundu. Geti gani hilo linaloliza watu?

Basi nikasimama, mimi mama wa magoti yanayolalamika, nikakiburuta kigoda changu kama jemadari aburutavyo mzinga, nikakibwaga mlangoni, nikaketi, miguu nimeinyoosha.

Kwenye runinga, kiboko akashika meza. Mwalimu Mkuu akaruka kitini.

"Mama, naomba nipite. Geti."

"Geti lipo, baba. Halijaenda popote."

"Mama, tafadhali!"

"Si uniruke tu."

Ole wake! Mkwe gani aliyelelewa akaleleka atamruka mama mkwe wake? Alisimama pale ameuma midomo, mashavu yamevimba, mshipa wa shingo umetuna, mkewe akimtazama kama anayemtafutia kitanda wodini. Kiboko akatamka, "Mahakama hii imeamua..." na sehemu za nyuma zikamalizia hukumu.

Ngome ikaanguka. Mwalimu Mkuu alitoa mlio wa fisi, akaushika ukuta, akaserereka nao mpaka sakafuni. "Wigi!" akalia. "Mama, umeliona wigi lakini!" Na muuguzi, ambaye kiboko hakumweza, alipomwona mumewe pale chini akacheka mpaka akamfuata.

Habari ya uchafu haikutajwa tena. Jioni iliyofuata, Mwalimu Mkuu alinikabidhi rimoti kwa mikono miwili, kama ufunguo wa mji uliotekwa, akaketi. Kwa hiyo nanyi mnaoandika habari za wafalme na mapinduzi, acheni mstari mmoja wazi, mtie haya: kiboko alishinda urais, akajamba alipokuwa akiapa, na geti halikuangaliwa na mtu.