Meno ya Harusi ya Fosia

Kobia aliingia Isiolo mwaka ule watoto wa shule walipoanza kupewa maziwa ya bure. Aliketi hotelini, akaagiza chai, akaanza kukagua midomo ya watu. Mzee mmoja alikuwa akiloweka mandazi mpaka yakawa uji. Mwingine alicheka, na ndani kulikuwa giza tupu. Kobia alifurahi karibu amkumbatie mwenye hoteli. Mji ulikuwa na mapengo, naye alikuwa na mkebe wa biskuti uliojaa meno.

Meno yenyewe yalikuwa ya bandia, yaliyotupwa na fundi mmoja wa Nairobi. Mengine yalikataliwa na wateja. Mengine wenyewe walikuwa wameshatangulia mbele ya haki. Kobia, ambaye udaktari wake wote ulikuwa koti jeupe, aliyapachika kwa nta ya nyuki. Nta hushika vizuri, ila haipatani na chai ya moto. Basi kila mteja alikatazwa chai ya moto mpaka Jumatatu. Jumapili, daktari alipanga kuwa mbali sana.

Jumamosi asubuhi akaja Mzee Hashi wa mtaa wa Wabera, dalali wa ngamia aliyezeekea mnadani.

"Salaam aleikum, daktari. Leo ni harusi ya msichana yangu, Fosia. Mimi nataka meno."

"Aleikum salaam, mzee wangu! Umefika penyewe. Leo utavunja mifupa!"

"Mifupa wacha. Iko mtu ya kupiga picha. Fosia anaenda kuolewa Sericho, mbali. Huko atabaki na picha tu. Sitaki aangalie baba yake hana meno."

Maneno hayo yalimgusa Kobia, tusimsingizie. Yalimgusa kwa muda wa kumeza mate, kisha akataja bei: ngamia mmoja.

Mzee Hashi aliyapokea meno, akayageuza juani, akayapitishia kidole gumba, juu na chini. Akamtazama Kobia. Akayatazama tena meno.

"Sawa," akasema. "Nitakuletea ngamia. Mzuri."

Ngamia aliletwa kabla ya adhuhuri, tumbo limejaa, manyoya yanang'aa kwa mafuta. Kobia alimzunguka, akampigapiga nundu kama alivyoona wengine wakifanya, akatikisa kichwa kitaalamu. Alikuwa amelelewa Nairobi, na wanyama aliowafahamu vizuri ni wale waliokuwa kwenye sahani. Wiki nzima alikuwa amepanua midomo ya watu. Mdomo wa ngamia hakuugusa.

Jumapili alfajiri akamkokota mpaka mnadani, amuuze upesi, kisha adandie lori. Mnunuzi wa kwanza, Ekaale, hakuuliza bei wala hakutazama nundu. Alitia mkono mdomoni mwa ngamia, kama afanyavyo hata mtoto wa Isiolo anayetaka kujua umri wa mnyama, akaangalia, akaita wenzake waje nao waangalie. Mnada mzima ukaangua kicheko.

"Daktari," Ekaale akasema akijifuta machozi, "hii si ya kuuza. Hii ni mgonjwa yako."

"Lakini tumbo lake..."

"Tumbo ni chumvi na maji! Ililambishwa chumvi, ikakunywa mpaka ikashiba. Kesho utaona mbavu."

Kobia aligeuka aondoke, akakuta njia imejaa wateja wake. Jana harusini chai ya tangawizi ilikuwa imeandaliwa kwa wingi, na hakuna aliyeikumbuka Jumatatu. Kila mmoja alikuwa ameshika meno yake mkononi. Mbele yao alikuwa Mzee Hashi, mashavu yamebonyea, uso umejaa furaha.

"Mzee, umeniibia!" Kobia akapiga kelele.

"Warya, wewe, sikiliza. Haya meno ya juu ni ya kijana. Ya chini yameisha, ni ya mzee. Mimi nimeangalia meno maisha yangu yote. Nilijua pale pale."

"Sasa mbona ukayachukua?"

"Picha ilipigwa kabla ya chai," Mzee Hashi akajibu, na sauti yake ikalainika. "Fosia alilia. Akasema, baba, umekuwa kijana."

Akafungua leso, akamkabidhi Kobia meno yake, kisha akamwonyesha ngamia, ambaye alikuwa ameshapiga magoti.

"Haya, daktari, anza na huyu. Sisi tutangoja zamu."

Na ngamia, kwa adabu kubwa, akapanua mdomo.