Kiti cha Katikati na Nyenje wa Fusae

Jumamosi, 2 Septemba

Nimenunua tena albamu ya Trio ya Kashiwagi. Mara ya nne! Kwanza CD, kisha nikapakua faili la kilohezi 48, kisha la 96, na leo la 192. Namba ikipanda, sauti inabeba vitu vingi zaidi. Kupakua kulichukua muda wa kupika wali. Nikasikiliza nimefumba macho. Jamani! Mpiga piano anavuta pumzi. Viatu vyake vinalia. Nina hakika ni vya ngozi.

Nikamwita mke wangu Fusae aje asikie. Akasema piano ni piano, na kwamba aliniita mara tatu nikaoge maji yakiwa bado ya moto, sikuitika. Huyu mwanamke hana masikio. Burudani yake ni wale nyenje anaowafuga kwenye boksi la plastiki sebuleni. Anawalisha vipande vya tango na kudai wanalia kama kengele ndogo. Mwaka huu hawajalia hata siku moja. Wavivu! Sijamwambia, nisimvunje moyo.

Jumapili, 3 Septemba

Siku ya klabu yetu ya kusikiliza muziki. Tuko sita, tunakutana kwenye mkahawa wa Mama Isono, ambako muziki ukianza hakuna ruhusa hata ya kunong'ona. Kiti cha katikati, kile kinachotazama spika zote mbili sawasawa, kiko wazi tangu Mzee Otake afariki mwezi wa nne, maua yalipochanua. Alikikalia miaka ishirini na miwili. Nakitaka. Nakitaka kuliko nilivyowahi kutaka cheo kazini.

Nagumo naye anakitaka. Ni daktari wa meno, anajitapa kuwa anasikia hata vitu ambavyo popo hawavisikii. Leo kanisema mbele za watu: "Bwana Kuwabara, hiyo 192 yako ni CD iliyovalishwa suti tu!" Wakacheka. Nikamjibu kuwa mtu anayeshinda na mashine ya kutoboa meno sikioni angekaa kimya. Hapo hawakucheka.

Mama Isono akachoka nasi. Akasema Jumapili ijayo atapiga wimbo mmoja mara tatu: CD, 96 na 192, kwa mpangilio anaoujua yeye. Atakayeupatia ndiye mwenye kiti. Mwingine yeyote akikigusa, atapewa kahawa ya jana.

Jumanne, 5 Septemba

Akili mali yangu! Nimempelekea Mama Isono zabibu, kwa kisingizio cha salamu, nikajitolea kumwekea mafaili yangu kwenye kompyuta yake. Kompyuta yenyewe kuukuu, inapumua kwa shida. CD inaanza baada ya sekunde mbili. 96 baada ya nne. 192 baada ya saba! Sihitaji hata kusikiliza. Nahesabu tu kimya kabla ya wimbo.

Huu si udanganyifu. Tofauti masikioni mwangu iko wazi kabisa. Hii ni tahadhari tu, nisije nikapata mafua.

Nimefanya mazoezi ya kuhesabu kwa kidole gumba ndani ya mfuko. Fusae akaniuliza mfukoni kuna nini.

Ijumaa, 8 Septemba

Upimaji wa afya wa kila mwaka kazini. Upuuzi mtupu. Muuguzi akanivalisha hedifoni, akanipa kitufe. "Ukisikia mlio, bonyeza, baba." Mlio mnene nikausikia vizuri. Kisha kimya. Nikasubiri kwa adabu. Kimya kikaendelea. Muuguzi akanivua hedifoni. Nikamwambia mbona hajaanza. Akasema amemaliza, masikio yote mawili.

Nikamuuliza hedifoni hizo ni za kampuni gani. Hajui! Waya wenyewe mwembamba kama tambi. Nikamweleza kwa upole kwamba kwa waya wa namna hiyo hakuna mlio mwembamba unaofika salama, na kwamba mimi nasikiliza 192. Akaandika kitu kirefu kwenye fomu. Nadhani ni jina la waya niliompendekezea.

Jumapili, 10 Septemba

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Hapana, siwezi kufupisha.

Mvua ya kimbunga. Niliondoka bila mwavuli kwa sababu akili yote ilikuwa kwenye kuhesabu. Tukakaa, tukagawiwa karatasi, tukafumba macho. Wimbo wa kwanza: sekunde mbili. CD! Wa pili: saba, hata nane. 192! Wa tatu: nne na ushee. 96! Nikaandika haraka. Nikafumbua jicho moja. Nagumo naye alikuwa anagonga goti kwa kidole, taratibu, kama saa. Mwizi! Anahesabu!

Karatasi zikasomwa. Yangu na yake sawasawa, neno kwa neno. Tukatazamana. Hakuna aliyethubutu kumshtaki mwenzake.

Mama Isono akainamisha kichwa, akaomba radhi. Akasema kompyuta ilikataa kufungua yale mafaili makubwa. Alisubiri, akabonyeza, akasubiri tena, na alipoona mabwana wazima wamefumba macho kwa heshima namna ile, akaona aibu kuwakatisha. Akarudia CD. Mara zote tatu.

Hata kahawa ilikoma kuchuruzika.

Kumbe ilibaki karatasi moja. Fusae! Alikuwa ameniletea mwavuli, akakaa karibu na mlango, na Mama Isono, kwa adabu tu, naye akampa karatasi. Ikasomwa: "Mmepiga kitu kilekile mara tatu. Halafu spika ya kushoto inapiga mluzi mwembamba, kama ina mbu ndani."

Mama Isono akapiga makofi. Spika ile inapiga mluzi tangu msimu wa mvua, akasema. Alikuwa anangoja tu aone ni nani kati ya wenye masikio makubwa atakayegundua. "Kaa, mama," akamwambia Fusae. "Kiti ni chako."

Fusae akakaa. Akasema kiti ni kigumu, lakini mkate wa jibini ni mtamu, basi atakuwa anakuja kila Jumapili. Mimi na Nagumo sasa tuko benchi la nyuma, kando ya choo. Nilikaribia kulia, nasema kweli. Njiani kurudi alinifunika mwavuli yeye, akaniuliza taratibu kama kweli ule mluzi sikuusikia. Nikamwambia niliusikia, niliunyamazia kwa heshima.

Jumatano, 13 Septemba

Barua ya upimaji imefika. Inasema nikamwone daktari wa masikio bila kuchelewa. Nimeikunja mara nne, nikaiweka chini ya mguu wa spika yangu ya kushoto. Sauti imetulia sana. Piano imesogea mbele.

Nimetafakari ya Jumapili na kosa langu nimeliona wazi. 192 ni ndogo! Inanibana. Leo nimepakua la 384, kubwa kuliko yote dukani mtandaoni. Si piano safari hii. Ni nyenje, jamii ileile ya wale wa Fusae, wamerekodiwa kwenye msitu wa mianzi, dakika arobaini na tisa. Nikasema, wale wavivu wa kwenye boksi wasikie wenzao wanavyochapa kazi.

Nikawasha. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena, mpaka kitufe kikagoma. Ukimya gani huu! Msafi, mweusi, hauna hata chembe ya vumbi. Miaka thelathini nakusanya muziki, sijapata kusikia ukimya wa ubora ule.

Fusae akatoka jikoni mbio, mikono masikioni, akipiga kelele: "Baba Misuzu, punguza! Majirani wako mlangoni!" Nikamuuliza apunguziwe nini, wakati nyenje hata hawajaanza kulia.

Akasimama. Akatazama spika, akatazama masikio yangu. Kisha akazima mwenyewe, akaja akakaa kando yangu na kunishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu binti yetu Misuzu aolewe. Machozi yakamlengalenga.

Hatimaye ameguswa na ubora. Kesho nanunua sehemu ya pili.