Manowari Isiyo na Kasoro

Jumatatu, 3 Machi
Manowari yangu inakaribia kwisha. (Manowari ni meli ya vita. Hii ni mfano, wa mbao na gundi, wa meli ya Vita Kuu ya Pili: sentimita moja ya hii yangu ni mita mbili za ile halisi.) Jirani wa chini, daktari wa meno mstaafu, kapanda ngazi tena na kile kioo chake cha kuchungulia magego. Kakipitisha chini ya sitaha. Eti reli imepinda. Eti boti za kuokolea zimenuniana kama wake wenza. Nikamwambia, Daktari, meli haina meno. Akajibu, haina, Mwalimu, lakini ina matundu. Akacheka peke yake! Akanywa chai yangu vikombe viwili, akaondoka jioni. Mjuaji mkubwa. Nimeapa kuirekebisha mpaka akose la kusema.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Daktari kachungulia kutoka tezi hadi omo (tezi ni nyuma, omo ni mbele). Hakupata kitu. Kasema basi, hongera. Kakaa kidogo, kaaga. Chai kaiacha nusu.

Jumamosi, 8 Machi
Daktari haji. Nimemsikia akikohoa huko chini. Nami nikakohoa. Nimeieleza manowari jinsi mnara wa mizinga unavyozunguka. Haikuuliza swali.
Nimebuni hila. Nimeng'oa mnara wa mbele na kuugandisha kinyume. Sasa mizinga inaelekea chumba cha nahodha. Ikifyatuliwa, nahodha kwaheri! Hata kipofu ataliona hilo. Nimeacha mlango wazi.

Jumapili, 9 Machi
Mlango wazi umeniletea paka. Nimempigia simu binti yangu, anayeishi mbali. Nimemwagiza amwambie Daktari kwamba baba yake anajigamba: hajazaliwa wa kumtoa kasoro. Binti akacheka. Akauliza, Baba, si ushuke ngazi ubishe hodi mwenyewe? Nikamfafanulia kwa utulivu kwamba mwenye meli hafuati watu, hufuatwa. Watoto wa siku hizi hawaelewi hadi uwachoree ubaoni.

Jumatatu, 10 Machi
Kaja! Kioo mkononi! Kasimama mbele ya mizinga ile. Kaitazama. Kanitazama mimi. Kasema nzuri mno, Mwalimu, haina kasoro. Nusura nizirai. Nikamwonyesha kwa kidole: hata hapa mbele? Hata hapo, akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya kuwaambia wagonjwa kwamba haitauma.
Nikampigia binti. Akakiri: jana alimsihi Daktari anisifu tu, maana nimezeeka na presha yangu haitabiriki. Presha! Ndiyo imepanda sasa. Nimekosolewa miezi yote hii bila kudhurika, leo nimesifiwa nimekosa usingizi wa mchana.

Alhamisi, 13 Machi
Hodi mlangoni. Daktari, mikono mitupu. Akasema twende tukanyooshe miguu barabarani. Nikamuuliza ameona kasoro gani. Hakuna, akasema, hakuja kwa ajili ya meli. Amekuja kuniona mimi tu, kwa kuwa kwake nako kumezidi ukimya. Siku hizi anabishana na redio, na redio haimwachi amalize.
Nikamkazia macho. Mtu mzima, magoti yake yale, apande ngazi zote zile bila sababu? Kuna jambo. Nikamwambia samahani, Daktari, nina kazi nyingi. Akasema haya, Mwalimu. Akashuka polepole, ameshika ukuta.
Kazi yenyewe ilikuwa kukaa. Nimekaa. Nilichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, ikapoa yote.
Lakini akili ni mali! Nimepata dawa ya kumrudisha. Kesho naanza manowari ya pili, na hii nitaipinda tangu ubao wa kwanza.