Kimewekewa Mteja

Jumatatu, 4 Machi
Bi Mkubwa, mwenye duka, amesimama mbele ya rafu yangu dakika nzima. Dalili mbaya. Kisha akauliza ni lini nimeuza hata kitabu kimoja. Nikajibu kwamba soko linapumua. Akasema hata marehemu aliwahi kupumua.

Rafu yangu ni ya vitabu vya picha vya wasanii wa Asia wa siku hizi. Vikubwa, vizito, vizuri. Mkorea anayechora ukungu kwa masizi. Mama wa Kihindi anayeshona ramani za miji. Mjapani na vibanda vyake vya karatasi. Miaka sita navipangusa vumbi. Nawajua watu hawa kuliko binamu zangu. Bi Mkubwa amesema visipotoka kufikia Jumamosi, rafu naiacha, nahamia vitabu vya shule chini ya Miwani, mwenzangu wa kaunta ya pili. Huniita profesa. Si kwa heshima.

Jumanne, 5 Machi
Dawa imepatikana! Watu hutaka kinachotakiwa na wenzao. Nimekata vikaratasi, nimeandika KIMEWEKEWA MTEJA, nimechomeka katika kila kitabu. Vyote. Mgongo hoi. Miwani ameuliza wateja hao wameingilia mlango gani. Nikamwambia kuna simu. Akanikumbusha kuwa ya duka imekufa tangu Januari.

Jumatano, 6 Machi
Watu watatu wamesimama kwenye rafu. Watatu! Bi Mkubwa ameona vikaratasi, akanipiga begani: kumbe, mwanangu, ulikuwa unanificha! Ameagiza sanduku jingine la vitabu vilevile. Sikupata nafasi ya kumkatiza. Kusema kweli niliipata.

Alhamisi, 7 Machi
Amekuja mwalimu wa chuo cha uchoraji. Mwanamke mpole, ana orodha. Vitabu kumi na tisa, vyote viko kwangu. Akasoma vikaratasi, uso ukamshuka. Nikasema labda wateja wengine watakubali kungoja. Bi Mkubwa akadakia: katika duka hili, kitabu kilichowekewa mtu hakiuzwi kwa mwingine hata kwa machozi. Ndivyo alivyousia baba yake. Mwalimu akanipongeza, hakujua mji una wapenzi wa sanaa wengi hivi. Miwani amemsindikiza hadi mlangoni. Adabu hiyo ameitoa wapi?

Ijumaa, 8 Machi
Sasa najua. Alichukua namba ya mwalimu. Sanduku jipya limefika asubuhi, vitabu havina kikaratasi hata kimoja, Miwani akapiga simu, na saa nne mwalimu ameondoka na vitabu vyake kumi na tisa. Kauza Miwani, ambaye hadi jana alidhani yule Mkorea ni aina ya televisheni! Amenishukuru mbele ya watu: asante, profesa, kwa kunitunzia mteja.

Jumamosi, 9 Machi
Bi Mkubwa amevaa nguo ya kutokea, amepanga viti, anawangoja wateja wangu waje kuchukua vyao. Saa sita, hakuna mtu. Saa nane akataka majina. Nikamtaja shemeji yangu. Akauliza vya shemeji ni vingapi. Nikasema anasoma sana. Rafu amepewa Miwani. Kabla ya kufunga nimevipangusa kimoja kimoja, mama wa ramani mara mbili. Nyumbani, mke wangu amesikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: baba watoto, ungelala tu wiki nzima, leo ungekuwa umeuza kumi na tisa.

Hajui biashara.

Jumatatu, 11 Machi
Kaunta ya vitabu vya shule. Hesabu za darasa la nne hujiuza zenyewe, na kinachojiuza hakimpi mtu sifa. Nimezihamishia zote chini ya ngazi, nyuma ya ndoo. Wazazi wakiingiwa na hofu, nitazitoa moja moja, kama daktari.

Mzazi wa kwanza amefika saa tatu. Nikamwambia kwa huzuni arudi kesho, nitamhangaikia. Akashukuru, akavuka barabara, akatoka duka la ng'ambo na vitabu viwili.

Huyo ni mmoja tu. Nimesogeza ndoo, nimeficha na za darasa la tano.