Hamira Katika Mashavu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu ametangaza vita. Anakitaka chumba cha uani, karakana yangu! Mama yake ameugua muda mrefu, sasa ahamie kwetu tumtunze. Atakuja Jumamosi kukiona. Nikasema msanii hahamishwi kama kiti. Akaniuliza ni lini kitu kiliwahi kutoka chumbani humo, ukiacha harufu. Nikamwambia hata harufu ni sanaa.

Lakini nimepata wazo. Nitatengeneza sanamu ya mama mkwe mwenyewe, kichwa na mabega. Nani atathubutu kuifunga karakana iliyozaa sura ya mama yake?

Jumanne, 5 Machi

Nimechanganya plasta na vumbi la mbao nililoomba kwa jirani seremala. Vumbi likanywa maji yote. Plasta ikaganda ndooni, na mwiko wangu umo ndani. Ndoo yenyewe ya kufulia! Jirani akachungulia juu ya ukuta, akasema sanamu ya ndoo nimeipatia kabisa. Mtu wa vitanda anajua nini kuhusu sanaa? Hata hivyo nikamwomba vumbi zaidi. Akanipa gunia zima huku akicheka. Ana kazi ya kitanda kikubwa, eti, vumbi halitaisha.

Jumatano, 6 Machi

Waya, magazeti ya zamani, vumbi, gundi ya unga wa ngano. Vizuri mno! Pua imetokea barabara. Macho ni vifungo vya koti langu la harusi. Mchana shingo ikapinda kwa uzito, mama mkwe akabaki anatazama miguu ambayo hana.

Nimeuliza kile kitanda ni cha nani. Cha mama mkwe wangu! Kumbe namuunda mama kwa vumbi la kitanda chake. Jirani ni msaliti. Vumbi lake zuri, lakini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamka na jibu la uzito ule. Mkate ni mwepesi kwa sababu gani? Hamira! Basi kwa nini sanamu isiwe nyepesi? Nashangaa hakuna aliyewaza hili kabla yangu. Nimechukua hamira yote ya jikoni, unga, sukari kidogo, vumbi, nikamfinyanga upya. Mashavu nimeyafanya membamba, kama ugonjwa ulivyoyaacha. Sanaa haidanganyi. Kisha nikamfunika kitambaa kibichi asipasuke, kama desturi yetu wafinyanzi, nikamweka dirishani penye joto.

Mke wangu akapita, akauliza kama najua ni kitu gani kingine hufunikwa kitambaa kibichi. Nikamwambia mambo ya jikoni yabaki jikoni.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Mama mkwe amefika, mwembamba, anatembea kwa kushika ukuta. Nikavuta kitambaa kwa mbwembwe. Lo! Mashavu yamefura, pua imezama katikati, kidevu kimekuwa videvu. Kifungo kimoja kikaruka mbele yetu. Jirani, aliyekuja kupima mlango kwa ajili ya kitanda, alicheka mpaka akakaa chini. Nikatamani ardhi inimeze.

Mama mkwe akayagusa mashavu yale ya sanamu, kisha machozi yakamtoka.

“Mwanangu,” akasema, “tangu niugue, kila mtu anaona mifupa yangu tu. Wewe umeniona nimenawiri.”

Nikasema ndivyo hasa nilivyokusudia.

Hapo akatoa ya moyoni. Alikuja kukataa chumba! Alidhani mkwe wake hamtaki, na hakupenda kumfukuza mtu kazini kwake. Sasa ameona anavyopendwa.

“Kesho nahamia,” akasema.

Mke wangu akanishika mkono. Sijashikwa hivyo tangu harusi. Nilifurahi, na nilitaka kulia. Ningelala tu wiki nzima bila kugusa kitu, karakana ingebaki yangu.

Jumapili, 10 Machi

Kitanda kimeingia, mimi nimetoka. Naandika barazani, nimekalia ndoo ya plasta. Mama amekula vizuri leo, na sanamu iko karibu na mto wake. Kusema kweli, nimefurahi kumwona akicheka.

Lakini sijashindwa! Mama ameomba sanamu nyingine, ya mwili mzima, na nimekubali upesi. Itakijaza chumba chote, pasibaki pa kuweka hata mto. Itabidi mama alale nyumba kubwa, nami nitarudi kuilinda kazi yangu. Vumbi jirani ameshaahidi. Nikitazama nyuma, naona kosa langu lilikuwa moja tu: hamira ilikuwa kidogo. Safari hii naweka mara mbili.