Chuo cha Upimaji Kilichojengwa Shambani Kwangu

Philbert, acha kupangusa hicho kiti. Umekipangusa toka saa mbili asubuhi, sasa jua liko utosini, na huyo unayempangusia haji. Simu yake unaipiga inaita mpaka inachoka yenyewe. Wewe ndiye mtendaji wa kijiji, una diploma, na bado mimi Yusta niliyeishia darasa la nne ndiye wa kukwambia kwamba mtu akikuanika juani mara tatu, ya nne si ahadi tena, ni dharau. Kaeni wote. Mmekuja Ilula kusikia hotuba, hotuba mtaipata. Hiyo ya Mheshimiwa nimeisikia mara tatu, naijua kama Baba Yetu, nitawatolea mimi kwa sauti yake. Nipe hicho kipaza sauti. Nanyi pigeni makofi palepale mnapopigaga.

(Makofi machache. Mwenyekiti Ambrosi anaangalia viatu vyake.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mratibu Mkuu wa Kanda wa Mpango Kabambe wa Upimaji na Ujuzi wa Ramani, ambaye pia ni mimi. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji uliyenishikia mwavuli. Ndugu Mtendaji uliyenipangusia kiti. Wachungaji, mapadre, na kwaya zote mbili mnaogombania nani aanze. Wazee maarufu, na wazee wasio maarufu ambao ndio wenye mashamba. Akina mama wauza nyanya wa barabarani mlioacha ndoo zenu kwa sababu mgambo aliwafuata. Itifaki imezingatiwa, na ambaye hajazingatiwa ajizingatie mwenyewe. Mugonile.

(Sauti kutoka nyuma: "Hiyo salamu ni ya Mbeya, baba.")

Mniwie radhi, juzijuzi nilikuwa huko. Kamwene.

("Kamwene.")

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao watu wengi wamekuwa wakinisifia hata nikiwa nimelala, kuwajulisha kwamba ile Kampasi ya Nyanda za Juu ya Upimaji Ardhi na Mifumo ya Taarifa za Kijiografia, ambayo sisi wataalamu tunaiita jiaiesi na nyinyi msijisumbue kuiita, imefikia asilimia themanini na saba nukta nne ya mchakato wa maandalizi ya kujiandaa kuanza, kutoka asilimia themanini na saba nukta mbili niliyowatangazia mwaka juzi, na kasi hii, ndugu zangu, upembuzi yakinifu unaonyesha haijapata kuonekana popote, isipokuwa kwenye miradi yangu mingine.

(Makofi. Mbuzi wa Sifaeli, jirani wa shamba, analia kutoka ndani ya eneo la chuo.)

Huyo ni mwanafunzi wetu wa kwanza, mpigieni makofi na yeye. Kampasi hii itakuwa na maabara ya kidijitali, ukumbi wa ramani wenye viyoyozi, maana ramani ikipata joto milima inayeyuka, na droni arobaini, na wanafunzi elfu tatu na mia sita, kuanzia Nyololo mpaka Ruaha Mbuyuni na kule Mbeya milimani kote, watakaofundishwa kupima ardhi bila kuikanyaga, kwa kuwa kukanyaga ardhi ni teknolojia iliyopitwa na wakati na inachafua viatu, kama mlivyoona mara zote tatu nilizokuja sikushuka kwenye gari mpaka mkatandika mikeka.

(Sauti: "Mkeka wangu hujaurudisha, Mheshimiwa." Kicheko.)

Suala la mkeka liko kwenye mchakato. Naomba sasa nitambue mchango wa bibi mmoja, jina limenitoka, liko kwenye faili, aliyejitolea kutupa ekari zake mbili za bondeni, udongo mweusi, maji ya mfereji yanaingia yenyewe bila kuitwa, kwa sababu nilimwambia mjukuu wake atasomea mlangoni kwa bibi yake na kula ugali wa nyumbani. Wataalamu wangu walifika pale wakakuta mkonge umepandwa mpakani. Mkonge huo waliupanda marehemu mume wa huyo bibi na marehemu baba yake Sifaeli, siku moja, jembe moja, mmoja akichimba mwenzie anashika kamba, jioni wakala kuku mmoja ili kila upande uwe umeshiba na asije mtu kusema hakuwepo. Wataalamu wangu wakasema huo si mpaka wa kisayansi. Wakaung'oa wote kabla ya chai. Wakaweka alama zao za mpaka, bikoni nne za zege, ambazo mbili hazionekani, moja ni figa la mama ntilie pale stendi, na ya nne tunaifuatilia. Na tangu mkonge ung'olewe, matuta ya Sifaeli yamekuwa yakitembea kuelekea kwa huyo bibi, hatua mbili kila msimu, jambo ambalo kitaalamu tunaliita mabadiliko ya tabianchi.

(Kicheko. Sifaeli anasimama: "Bibi, mbona unanitaja mimi?" "Sijakutaja mimi, amekutaja Mheshimiwa. Kaa.")

Kuhusu jiwe la msingi, kuna upotoshaji mitaani. Ni kweli nimelizindua hapa mara tatu, na mara zote nikaondoka nalo kwenye buti ya gari, kwa ajili ya uhifadhi. Ni kweli pia kwamba wiki iliyopita nililizindua Mbeya. Huko kuna mama anaitwa Tupokigwe, wifi yake huyo huyo bibi, alilitambua kwa ule ufa wake wa pembeni na hapo hapo akapiga simu Ilula. Nawasihi wananchi tuache tabia ya kupigiana simu, inarudisha nyuma maendeleo. Jiwe limefanya kazi kubwa. Limetembea barabara hii kuliko lori la nyanya, na halijaoza.

(Makofi ya kweli.)

Sasa, pamoja na mafanikio hayo, kumejitokeza binti mmoja, Joyness, yule pale mwenye begi mgongoni, mjukuu wa bibi niliyemtaja. Anasomea upimaji ardhi na hiyo jiaiesi, mwaka wa tatu, kwenye chuo kikuu chenye milango. Alikuja likizo hii na barua ya mafunzo kwa vitendo, afanyie kwenye kampasi yetu, apate wa kumsainia. Akakuta mbuzi. Badala ya kuwa mvumilivu kama wazazi wake, akazisoma zile namba zilizoandikwa kwenye bango letu pale shambani, zinazoeleza chuo kiko wapi hapa duniani, akaziingiza kwenye kompyuta. Anadai kwamba kwenye ramani za wapimaji dunia imegawanywa vipande virefu, kama vitenge vilivyoanikwa kwenye kamba, na kila kitenge kina namba yake. Iringa mjini ni thelathini na sita. Sisi Ilula tumevuka mstari kidogo tu, ni thelathini na saba. Wataalamu wangu walinywa chai Iringa mjini, wakaandika namba ya kule kule walikonywea chai. Hesabu nyingine zote waliziweka sawa. Kwa hiyo chuo kipo, ndugu wananchi, na waliosema hakipo waone aibu. Kiko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndani ya Kongo.

(Kicheko kirefu. Mama mmoja anakaa chini kwa kucheka. Sauti: "Basi tuwapelekee na mbuzi.")

Tunawapongeza Wakongo. Binti anasema hilo ni kosa la mwaka wa kwanza, na ukilifanya unarudia mtihani. Mimi sikurudia mtihani wowote, nilipandishwa cheo. Basi nikisema ardhi, semeni "kwenye skrini". Ardhi.

("Kwenye skrini.")

Bibi.

("Asubiri.")

Vizuri, hiyo mmejifunza haraka. Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru Mwenyekiti Ambrosi kwa kusaini ile karatasi niliyomletea, akidhani ni makabidhiano ya shamba, kumbe ilikuwa orodha ya waliokunywa soda siku ya uzinduzi. Nashukuru ofisi ya ardhi kwa kumtafutia Joyness faili langu siku mbili nzima na kumwambia ukweli: hakuna faili, hakuna barua, hakuna mchoro, na hakuna mtu yeyote aliyewahi kuomba chuo hapa, wala huko Mbeya, wala mahali popote. Kilichopo ni bango. Na bango lenyewe ukilizunguka kwa nyuma ni tangazo la mbolea. Asanteni sana kwa kuniazima shamba nililokuwa silihitaji.

(Hakuna anayepiga makofi.)

Basi, nimeacha kuwa Mheshimiwa. Uongo unakausha koo, sijui wenzetu wanawezaje kila siku.

("Bibi Yusta," anasema Ambrosi, "busara ni tusubiri kwanza. Tumwandikie barua, tuone atajibu nini.")

Ambrosi, miche yangu ya nyanya iko kitaluni na jani la sita limeshatoka. Wiki moja tena inarefuka na kulala, hapo hata mbuzi wa Sifaeli hataitaka. Barua yako itatoa jani la ngapi? Shamba halikuandikwa kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo halijawahi kutoka kwangu. Na mpaka upo. Mkonge ukiung'oa kwa haraka ya kwenda kunywa chai, mizizi inabaki chini. Jana nimetembea na Joyness, tumehesabu machipukizi kumi na moja, mstari ule ule wa babu yake, na mtoto akaupima kwa tepu na hicho kimashine chake cha setelaiti, vyote vikasema kitu kimoja. Sifaeli, chipukizi mojawapo liko katikati ya tuta lako la tatu. Limechanua majani, hukuliona?

(Sifaeli: "Nililiona, Bibi.")

Afadhali umesema. Philbert, kiti hicho kipeleke bondeni, Joyness aweke daftari lake. Ambrosi, shusha bango, nguzo zake nazitaka. Sifaeli, funga mbuzi wako uje na jembe. Baba yako ndiye aliyeshika kamba, na wewe utaishika upande ule ule. Kuku nitachinja mimi. Joyness, mjukuu wangu, tangulia.